Dar mpaka Mbeya kwa gari na kwa miguu: maswali mnayoniuliza kila siku

Kila nikirudi kutoka Nyanda za Juu Kusini simu inajaa maswali, na mengi ni yaleyale, kwahiyo nimeamua kuyajibu yote hapa kwa pamoja. Mimi na wenzangu watatu tumeshaenda hii njia mara kadhaa, kwa gari letu wenyewe, tunasimama, tunapanda milima, tunalala njiani, tunaendelea. Ninachosema hapa ni vile nilivyoona mimi.

Kwanini Mbeya? Si kila mtu anaenda Arusha na Zanzibar?

Ndo maana yenyewe hiyo. Wengi wetu hii barabara tunaijua kwa basi, unapanda alfajiri, unasinzia Chalinze, unaamshwa kula haraka haraka, unalala tena, ukija kushtuka uko Uyole pale Mbeya na baridi imekukamata miguu. Wengine tumezaliwa kulekule na kila Desemba tunaenda na kurudi, ila hatujawahi kushuka pale Isimila, lile korongo la zana za mawe karibu na Iringa, hata mara moja. Km 830 hivi za Dar hadi Mbeya zinakupitisha kwenye hifadhi ya wanyama, bonde la mibuyu, mlima wa kona kona, mashamba ya chai, misitu ya mipaini, alafu ukivuka Mbeya kidogo unakuta ziwa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, na ukishuka zaidi unakuta Ziwa Nyasa. Sijui njia nyingine hapa kwetu inayobadilika namna hiyo ndani ya lami moja.

Siku ngapi zinatosha?

Kumi. Najua mtu wa kazini kupata siku kumi sio rahisi, saba zinawezekana ila itabidi uache kitu, na mimi ningeacha Kitulo, ile hifadhi ya maua, kabla ya kuacha Matema kule ufukwe wa Ziwa Nyasa, labda kama umeenda msimu wa maua.

Sisi tunafanya hivi: siku ya kwanza Dar hadi Mang'ula, ya pili tunapanda maporomoko ya Sanje ndani ya hifadhi ya Udzungwa, ya tatu tunaenda Iringa kupitia mlima Kitonga, ya nne asubuhi Isimila alafu tunaenda kulala Mbeya, ya tano ziwa la kreta la Ngozi, ya sita Daraja la Mungu na kushuka Matema, ya saba ni kupumzika ziwani bila kugusa gari, ya nane kama hali ya hewa inaruhusu Kitulo, alafu mbili za kurudi. Usijaribu kurudi Mbeya–Dar kwa siku moja wakati umetoka kupanda milima wiki nzima. Mwili umechoka hata kama wewe hujisikii umechoka.

Dada, nina Toyota IST, itafika kweli?

Itafika. Lami ipo mwanzo mwisho Dar, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Tukuyu hadi Kyela, na Matema nimefika na gari dogo bila shida yoyote. Sehemu ambayo gari dogo usilipeleke ni Kitulo, hiyo nitaieleza chini. Njia ya kuingilia Ngozi nayo ukiacha lami ni udongo, kukiwa kukavu unasogea kidogo, mvua ikinyesha liache gari kijijini utembee au uchukue bodaboda.

Kabla ya kutoka peleka gari kwa fundi wako akague breki kwanza, alafu tairi, alafu maji ya rejeta na feni. Breki nimezitaja kwanza makusudi. Hakikisha spea tairi ina upepo, jeki ipo na spana ya tairi inaingia kwenye nati zako, maana kuna mtu nilimkuta barabarani mitaa ya Mafinga ana kila kitu ila spana aliyonayo ni ya gari nyingine. Na ile pembetatu ya kuakisi pamoja na mtungi wa kuzimia moto usiviache, trafiki wanaviulizia.

Kupita Mikumi ndani ya hifadhi tunalipia?

Ukiwa unapita tu kwenye barabara kuu hulipi. Barabara inakatisha hifadhi kwa km 50 hivi, na wanyama wapo kweli: swala, pundamilia, nyani, twiga, na tembo sio mara moja wala mbili nimewaona wako pembeni kabisa ya lami. Ila sio ruhusa kushuka kwenye gari, wala kuwarushia nyani ndizi. Nyani akizoea kulishwa dirishani anakaa barabarani kusubiri magari, mwisho wake anagongwa, nimeshuhudia, na mtoto wake alikuwa bado amemshikilia tumboni. Ile picha haijanitoka.

Mwendo fuata vibao na matuta. Ukigonga mnyama unalipishwa na faini zake zinahesabiwa kwa dola. Ukitaka kuzunguka ndani kuangalia simba hapo ndo unaingia getini unalipa kama kawaida.

Hiyo Udzungwa ikoje? Ni ya wazoefu tu?

Hapana, na hapa ndo ningependa watu wengi zaidi waende. Udzungwa ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992 na ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, huendi kukaa juu ya gari unaangalia simba. Ukifika Mikumi mjini unaacha barabara kuu unakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara, unapita mashamba ya miwa mpaka Mang'ula, kama km 60.

Njia ya Sanje ndo maarufu. Maporomoko yana urefu wa mita 170 kwa jumla, yameshuka kwa ngazi tatu, na njia inakuchukua masaa matatu manne kwenda na kushuka ukiwa unaenda pole pole. Unapanda ndani ya msitu mzito, jasho linakutoka kama umemwagiwa maji, alafu ghafla unaanza kusikia ubaridi kabla hujaona maji. Ni ubaridi wa yale matone madogo madogo yanayopeperushwa na upepo kutoka kwenye maporomoko. Pale juu kuna dimbwi la kuogelea na ukisimama ukageuka unaona bonde lote la Kilombero, miwa hadi macho yanaishia. Sisi tulikaa pale zaidi ya saa nzima, hakuna aliyetaka kushuka.

Mbega wekundu utawaona kirahisi. Ngolaga wa Sanje, aina ya kima ambaye haishi popote duniani zaidi ya milima hii, huyo ni bahati. Unaongozana na mwongozaji wa hifadhi, na msikilize, anajua ndege kwa sauti tu.

Malipo ya hifadhi yakoje kwa sisi wananchi?

Nafuu sana ukilinganisha na wageni, unalipa kwa shilingi. Ila beba kitambulisho, cha NIDA ndo kizuri zaidi, na usitegemee kutoa noti getini, wanakupa kontrol namba unalipa kwa simu au benki. Kwahiyo weka hela kwenye simu ukiwa bado mjini, maana mtandao wa getini unaweza kusumbua na mawakala hawako kila mahali.

Kitonga inatisha kama wanavyosema?

Inastahili heshima. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, kule kwenye joto na mibuyu na wauza vitunguu, barabara inaanza kupanda na kujikunja kuelekea Ilula, upande mmoja ukuta wa mlima na mwingine korongo. Kupanda sio tatizo kubwa, unaweka gia ndogo, unakaa nyuma ya lori unavumilia. Na namaanisha unavumilia kweli. Lori lenye mzigo linapanda kama mtu anayetembea, madereva wengi wanaishiwa subira wanaovateki kwenye kona, na ajali nyingi za pale ndo chanzo chake. Dakika ishirini nyuma ya lori hazijawahi kumuua mtu.

Kazi ipo wakati wa kurudi, unaposhuka. Safari yetu ya kwanza mwenzetu aliyekuwa anaendesha alishuka na gia kubwa huku amekanyaga breki muda wote, tukafika katikati tukaanza kusikia harufu kama ya mpira unaoungua, nikadhani ni lori la mbele, kumbe ni sisi, na pedo imeanza kuwa laini inazama. Tulipata sehemu pana tukasimama, tukaweka mawe kwenye matairi, tukakaa karibu saa nzima breki zipoe. Hakuna aliyeongea sana. Tangu siku hiyo sheria yetu ni moja: gia uliyopandia ndo gia ya kushukia, na kama gari ni otomatiki shusha kwenye L au 2 kabla hujaanza mteremko, sio ukiwa umeshafika katikati. Breki ziguse tu, achia, gusa tena.

Tunaweza kuendesha usiku ili kuokoa muda?

Naomba msifanye hivyo. Malori yanaharibika njiani na dereva anachofanya anakata matawi ya miti anayapanga barabarani kama alama, mchana ukiona majani kwenye lami unajua mbele kuna gari limekufa, usiku unayaona ukiwa umeshayafikia na lori lenyewe halina taa. Mikumi usiku wanyama wanavuka. Na zaidi ya yote, mmetoka kuangalia nchi, sasa giza litawaonyesha nini? Tunaanza safari saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na moja jioni tunatafuta pa kulala.

Na tochi za trafiki za kupimia mwendo?

Zipo, nyingi. Mwisho wa mwendo vijijini ni 50 na trafiki hawana mchezo, faini ni 30,000 kwa kosa. Fuata kibao tu, utafika.

Isimila kuna nini cha kuona?

Km kama 20 kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya, korongo lenye nguzo kubwa za udongo zilizochongwa na maji na upepo, ukisimama chini yake unajiona mdogo sana, na zana za mawe za watu wa kale zinaonekana pale pale walipoziacha. Kutembea ni chini ya saa moja na nusu, hata watoto na mama mtu mzima wanaweza. Nenda asubuhi, mwanga unaingia kwenye nguzo kwa pembeni na jua halijawa kali. Jioni ukiwa Iringa panda jiwe la Gangilonga uone mji ukiwasha taa, dakika chache tu toka mjini.

Ngozi tuandae nini? Tunasikia ni matope matupu.

Ni kweli ni matope, na ni kitu kizuri kuliko vyote kwenye safari hii kwa upande wangu.

Unatoka Mbeya kupitia Uyole unashika barabara ya Tukuyu, unaingilia maeneo ya Isongole. Pale kijijini chukueni kijana mwenyeji wa kuwaongoza na mpatane bei kabla hamjaanza kutembea, mbele ya wote, ili mwisho wa safari kila mtu awe na amani. Usiseme unaona njia iko wazi utaenda mwenyewe, ndani ya msitu zinagawanyika, na hela unayompa inabaki kijijini.

Mwanzo ni mashamba, alafu unaingia msituni, mianzi, migomba pori, miti imevaa ukoga wa kijani hadi kwenye matawi. Mwisho pale pamesimama wima, unashika mizizi kwa mikono kama unapanda ngazi, mapafu yanauma maana ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na sisi wa Dar hatujazoea. Alafu miti inaachia. Chini yako, mbali chini, kuna ziwa la kijani linaloelekea bluu, limetulia kabisa, kuta za msitu zimelizunguka pande zote, hakuna nyumba, hakuna mtumbwi, hakuna sauti. Ukipiga kelele inakurudia, ila watu wengi wakifika pale wananyamaza wenyewe.

Sasa jambo la muhimu: nendeni asubuhi. Mara yetu ya kwanza tulichelewa Mbeya tukaanza kupanda saa nane mchana, tulipofika juu saa kumi ukungu ulikuwa umeshafunga, tukaangalia chini tukaona weupe mtupu kama tumesimama mbele ya shuka. Tulisubiri, mvua ikaanza, tukashuka giza likiwa linaingia tunateleza kila hatua, mmoja wetu akaumia goti. Tulirudi mwaka uliofuata tukaanza saa moja asubuhi, tukaliona ziwa lote. Kushuka hadi kwenye maji mimi sishauri, ni mteremko mkali sana na kupanda kwake kunamaliza nguvu zote.

Viatu gani na nguo gani?

Viatu vyenye meno chini, basi. Sio lazima viwe vya gharama, vile vya mitumba vya mlimani vinatosha kabisa ila uwe umevivaa wiki mbili kabla, kiatu kipya mlimani ni malengelenge. Suruali ndefu na soksi juu ya suruali kwa ajili ya siafu. Koti la mvua beba hata kama jua linawaka, Tukuyu mvua haiombi ruhusa. Na sweta la maana, mbili kama unaenda Kitulo. Watu wa Dar mnakuja na kile kikoti cha ofisini alafu mnatetemeka Makambako kabla hata hatujafika.

Kuna milima mirefu zaidi kwa wanaotaka kujipima?

Ipo. Loleza iko juu ya mji wa Mbeya kabisa, unaanza mjini kwa miguu. Kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800. Na Rungwe ambao unakaribia mita 3,000, huo ni wa siku nzima na mwongozaji ni lazima. Kwenye misitu ya Rungwe ndo anaishi kipunji, kima mwenye manyoya marefu ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu. Wawindaji wa pale walikuwa wanamjua zamani, wenyeji wana jina lake kabisa. Mimi bado sijamuona, nimepanda mara mbili, nitarudi.

Daraja la Mungu na Kijungu tunapitaje?

Vyote viko mto Kiwira, njiani kwenda Tukuyu. Daraja ni jiwe la volkano ambalo mto umelitoboa kwa chini, ukabaki upinde wa asili unaoweza kupita juu yake. Kijungu ni pale mto wote unaposongwa kwenye tundu la mwamba unazunguka kama uji unaokorogwa kisha unapotea chini. Usisogee ukingoni kupiga selfi, mwamba una ukoga na unateleza. Kijungu kipo eneo la Magereza kwahiyo unajitambulisha getini, unasalimia vizuri, unafuata wanachokwambia na hupigi picha majengo.

Kitulo inastahili ule usumbufu wa barabara?

Kuanzia Desemba mpaka Aprili, ndiyo. Kitulo ni hifadhi tangu 2005 na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, uwanda wa nyasi juu mita 2,600 ambao mvua ikinyesha unafunikwa na maua, okidi za kila rangi, unatembea tu katikati yake bila kuogopa simba wala tembo.

Shida ni kwamba maua yanataka mvua na barabara haitaki mvua. Toka Chimala unapanda ule mlima wanaouita Hamsini na Saba, kwasababu kona zake ni hizo, 57, mpaka Matamba. Gari la magurudumu manne yanayovuta na dereva aliyezoea, sio vinginevyo. Sisi tuliacha gari letu Chimala tukakodi la mwenyeji, hela ilituuma kidogo ila nilipoona lile tope kwenye kona nikashukuru.

Na naomba kitu kimoja kwa dhati: msichimbe wala kuchuma maua. Viazi vya okidi vinachimbwa vinauzwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, vingi vinavushwa kwenda Zambia, na ua likichimbwa kiazi halioti tena. Mwezi wa sita na wa saba usiku kunaganda barafu kwenye nyasi, kuzuri pia kwa namna yake, ila maua hutayaona.

Sisi ni wadada watupu, ni salama?

Tumeshaenda wadada watatu na hatukupata shida. Mnachofanya ni kufika mnapolala kabla ya giza, kumuachia mtu nyumbani ratiba, na kusalimia. Hili la kusalimia watu wa mjini tunalidharau. Ukiingia kijijini usianze na "samahani ziwa liko wapi", anza na shikamoo kwa wakubwa, Iringa na Njombe ukisema "kamwene" mtu anacheka anakuitikia, kwa Wanyakyusa ukishukuru kwa "ndaga fijo" umeshakuwa mtoto wa pale. Bibi mmoja karibu na Tukuyu baada ya salamu tu alituingizia mkungu mzima wa ndizi kwenye gari, tukabishana naye kwenye hela, akakataa katakata.

Gharama jumla?

Bei zinabadilika kwahiyo nawapa lita. Kwenda, kurudi na mizunguko yote tulisoma km 2,200 hivi, gari letu linaenda km 13 kwa lita, yaani kama lita 170, gawanya kwa wanne ni lita 42 na ushee kila mtu, zidisha na bei ya kituoni siku hiyo. Malazi tulitafuta gesti safi za kawaida. Kula ni rahisi ukila wanachokula wenyeji, ndizi na maparachichi Tukuyu, wali wa mchele wa Kyela na samaki mbasa Matema, hutatamani chipsi.

Matema tufanye nini siku nzima?

Msifanye kitu. Mchanga, maji matamu, milima ya Livingstone imeshuka mpaka ziwani, miguu iliyopanda Ngozi inahitaji hayo maji. Kama ni Jumamosi tembeeni ufukweni hadi Lyulilo, mitumbwi inaleta vyungu vya Wakisi vimepangwa kwenye majani, vyepesi, vina michoro myeupe mabegani.

Turudi na nini nyumbani?

Mchele Kyela, viazi Mbeya na Makambako, kikapu Iringa, na vitunguu Ruaha Mbuyuni wakati wa kurudi, sio wakati wa kwenda, vinaoza kwenye buti. Chungu kifungeni kwenye blanketi mkiweke chini nyuma ya siti ya dereva, kisikae juu ya mizigo. Changu cha kwanza kilifika Mikumi mdomo umepasuka kwenye matuta. Cha pili ninacho mpaka leo, napikia maharage.